Pole Isiyo Samahani: Neno "Sorry" Mbele ya Mwanafunzi wa Kichina

Miongoni mwa maneno ya mwanzo anayofundishwa Mchina anayejifunza Kiingereza ni neno "sorry". Huwekwa katika orodha ya maneno ya adabu, pamoja na salamu na shukrani, na pembeni mwake huandikwa duibuqi. Mwanafunzi hulikariri siku hiyohiyo na mwalimu huendelea na somo linalofuata. Ni neno fupi, jepesi kutamka, na kwa miezi mingi humtosha. Akimkanyaga mtu, akichelewa darasani, akimwaga chai mezani, hulitamka na jambo likaisha. Tatizo huanza siku anapoambiwa neno hilohilo na mtu ambaye hakumkosea lolote.

Mtu na amfikirie mwanafunzi wa namna hiyo yuko London, na asubuhi moja amepokea habari kwamba babu yake amefariki dunia. Mama mwenye nyumba anamuuliza mbona amenyong'onyea, naye anamweleza. Mama anashika kifua na kusema: "I'm sorry." Kwa mujibu wa kitabu alichosomea, mwanafunzi ameombwa radhi. Na kwa kuwa duibuqi ina jibu lake katika Kichina, nalo ni mei guanxi, yaani si kitu, haidhuru, analitafuta jibu hilo kwa Kiingereza na kulitoa: haidhuru, si kosa lako. Mama mwenye nyumba anaduwaa. Kifo cha babu kimekuwaje jambo lisilodhuru? Na ni nani aliyesema kwamba ni kosa lake?

Wasemaji wa Kiswahili waliokaa ughaibuni wanakifahamu kisa hiki kwa kukitazama kutoka upande wa pili. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anapomwona mfanyakazi mwenzake akiteleza kwenye barafu, husema "sorry" bila kufikiri, kwa sababu kinywani mwake neno hilo limebeba pole. Mwenzake huinuka, hujipangusa, kisha humwuliza kwa mshangao: kwani ni wewe uliyenisukuma? Mwingereza hulitumia neno hilo kuwafariji waliofiwa na walioumwa, lakini kwa mtu aliyejikwaa mwenyewe njiani, sikio lake husikia ungamo. Basi wageni wawili wamelikosea neno moja kwa njia mbili zinazopishana. Mmoja amesikia samahani mahali palipokusudiwa pole tu. Mwingine ametoa pole ikasikika kuwa samahani.

Mikwaruzano hii ya mazungumzo huchekesha, na wengi huisimulia kama vichekesho. Hata hivyo chini yake kuna swali la maadili ambalo halichekeshi. Je, kuumizwa moyo na lililompata mwenzio, na kukiri kwamba wewe ndiwe uliyemtendea, ni jambo moja lenye viwango viwili, au ni mambo mawili yaliyokutanishwa na ajali ya lugha? Na kama ni mawili, ni halali kwa mtu kulitumia neno linaloyabeba yote mawili huku akijua kwamba msikilizaji atalipokea lile ambalo yeye hakulikusudia? Mwaka 2001 swali hili liliwekwa mbele ya dola mbili kubwa, watu 24 wakiwa wameshikiliwa na mmoja akiwa amekufa.

Kabla ya kufika huko, inafaa kuyapima maneno yenyewe. Neno "sorry" limetokana na sifa ya Kiingereza cha kale iliyojengwa juu ya neno lenye maana ya maumivu au kidonda, lile ambalo limezaa pia "sore" ya leo. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni, lakini asili za maneno hayo ni mbili; matamshi yao yalisogezwa karibu na wakati. Kwa hiyo maana yake ya awali ni mwenye maumivu. Kutoka hapo neno lilipanuka: maumivu kwa ajili ya mwingine, maumivu kwa ajili ya tendo la mtu mwenyewe, kisha tamko la adabu tu linalotolewa watu wawili wanapogusana mabega katika treni. Likitamkwa kwa sauti ya kupanda huwa ombi la kurudiwa maneno yasiyosikika vizuri. Likitangulia jina la kitu huwa dharau au masikitiko, kama pale nyumba iliyochakaa inaposemwa kuwa katika hali ya "sorry". Mwanafunzi aliyepewa kisawe kimoja pembeni mwa ukurasa amepewa tawi moja na kuambiwa kuwa ndilo mti.

Kichina hakikuliacha eneo hili bila mipaka. Duibuqi, ukiichambua vipande vyake, ni kushindwa kumkabili mtu: sina uso wa kukutazama. Buhaoyisi ni aibu ndogo ya mtu anayepita mbele ya wengine au anayesumbua kwa ombi. Baoqian na daoqian zinashirikiana silabi qian, ambayo kamusi ya kale ya Shuowen Jiezi, ya mwanzoni mwa karne ya 2, iliieleza kuwa ni kula pasipo kushiba. Baadaye ikatumika kwa mavuno haba, mwaka ambao shamba halikutoa kilichotarajiwa. Anayefanya daoqian, basi, anautamka upungufu wake: kuna kilichopaswa kutoka kwangu ambacho hakikutoka. Yihan iko mbali na hayo. Ni masikitiko juu ya jambo lililotokea, na mwenye kuyasema hajadai kuwa jambo hilo lina mkono wake. Na kwa aliyefiwa, Mchina hatumii duibuqi kabisa. Humwambia jie'ai, yaani izuie huzuni isikushinde.

Kiswahili nacho kimeigawa ardhi hii, na wenyeji wake hawahitaji kamusi kuijua mipaka. Pole ina undugu na upole; ni mkono laini unaowekwa juu ya bega. Hutolewa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyetoka safari, kwa aliyekuta foleni benki, na hata kwa anayeonekana tu akifanya kazi juani. Jibu lake ni asante, au nimeshapoa. Samahani ni mlango mwingine. Imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya ukarimu na kuachilia, na jibu lake ni bila samahani, au usijali, au kimya kizito cha mtu ambaye bado hajasamehe. Kunradhi, iliyotoka pia katika Kiarabu, inamwambia aliyekosewa: kuwa radhi. Yaani kitu kinachotafutwa kiko moyoni mwake, na bila yeye hakipatikani.

Tofauti kati ya pole na samahani haimo katika uzito wa hisia. Yupo atoaye pole akilia, na yupo aombaye samahani huku akitazama saa. Tofauti imo katika mwelekeo. Asemaye pole anatoa; asemaye samahani anaomba. Mwenye kutoa pole haondoki na deni, wala hahitaji kungoja jibu. Mwenye kuomba samahani amejiweka chini ya hukumu ya mwenzake, kwa kuwa ombi linaweza kukataliwa. Ndiyo maana wakubwa, wawe wa ukoo au wa dola, huwa wepesi wa pole na wazito wa samahani.

Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya jeshi la majini la Marekani, aina ya EP-3, ilikuwa ikiruka juu ya Bahari ya Kusini ya China, kiasi cha kilomita 110 kutoka kisiwa cha Hainan. Ndege mbili za kivita za China ziliifuata. Mojawapo iligongana nayo na kuanguka baharini. Rubani wake, Wang Wei, hakuonekana tena. Ndege ya Marekani, ikiwa imeharibika, ilitua bila idhini katika uwanja wa kijeshi wa Lingshui, na watu wake 24 wakashikiliwa. China ilisema ndege ya Marekani iligeuka ghafla na kuigonga ya kwake. Marekani ilisema ndege ya China iliisogelea mno ile yake iliyokuwa ikienda taratibu katika anga ya kimataifa. Serikali ya China ilitaka kitu kimoja waziwazi: daoqian.

Kwa siku kumi na moja wanadiplomasia walishughulika na maneno. Rais Jiang Zemin, aliyekuwa ziarani Amerika ya Kusini, alitoa mfano wa mtaani: katika nchi nyingi alizotembelea ameona kwamba watu wakigongana huombana radhi, basi iweje ndege ya wengine ije mpakani mwa nchi yake na wenyewe wasiseme hata hilo? Marekani ilianza na neno "regret", masikitiko ya mbali. Siku zilivyopita ikapanda hadi "sorry". Hatimaye, tarehe 11 Aprili, balozi wake mjini Beijing, Joseph Prueher, alimkabidhi Waziri wa Mambo ya Nje, Tang Jiaxuan, barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake maneno "very sorry" yalikuwamo mara mbili: mara ya kwanza kwa watu wa China na familia ya Wang Wei kwa msiba uliowapata, na mara ya pili kwa sababu ndege iliingia katika anga ya China na kutua bila idhini ya mdomo. Juu ya mgongano wenyewe, barua haikukiri kosa lolote.

Barua ilipofasiriwa kwa Kichina kwa ajili ya wananchi, "very sorry" ikawa shenbiao qianyi, kuutamka kwa kina ule upungufu. Kwa msomaji wa gazeti huko Beijing, Marekani ilikuwa imeomba radhi. Upande wa pili wa bahari, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alieleza kwamba nchi yake haikuomba radhi, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa na maana kwamba ilitenda kosa, na haikutenda. Wote wawili walikuwa wakisoma barua ileile. Watu 24 waliondoka Hainan tarehe 12. Ndege yao ilirudishwa Julai, ikiwa imefunguliwa vipande vipande.

Wapo walioisifu barua hiyo kuwa kazi ya ustadi mkubwa, na hoja yao si dhaifu. Neno lenye vyumba viwili liliruhusu kila upande uingie kupitia mlango wake bila kukutana na mwenzake ukumbini. Vijana 24 walirudi kwa mama zao. Mataifa mawili yenye silaha za nyuklia hayakusukumana zaidi. Kama Kiingereza kingekuwa na pole upande mmoja na samahani upande mwingine, balozi angelazimika kuchagua, na kila chaguo lingewaudhi nusu ya wasikilizaji. Kwa mtazamo huu, utata wa neno ulikuwa rehema, na mwalimu wa Kiingereza anayeulalamikia angepaswa kuushukuru.

Hoja ya upande mwingine huanza kwa kumtazama mpokeaji. Barua ilitaja watu wawili wa namna tofauti: taifa na familia. Taifa lilipata lilichokitaka, yaani kichwa cha habari. Familia ya rubani ilipata nini? Kwa Kiingereza ilipewa pole, ileile ambayo mama mwenye nyumba wa London alimpa mwanafunzi wake, na ambayo mtu yeyote mwema angeweza kuitoa. Kwa Kichina iliambiwa kwamba imeombwa radhi, na serikali yake yenyewe, iliyokuwa na wafasiri wanaojua tofauti hiyo vyema kuliko mtu yeyote. Swali la nani alikosa halikujibiwa; liliachwa lizame katikati ya lugha mbili. Na mtu hawezi kusamehe ombi ambalo hajui kama limeombwa. Walinyimwa hata uwezo wa kukataa, ambao ndio heshima pekee anayobaki nayo aliyekosewa.

Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Methali hii husemwa juu ya aibu, na inafundisha kwamba anayejiona yu uchi katika kosa asiendelee kusimama wima kana kwamba hakuna anayemwona. Barua ya Hainan iliwapa pande zote mbili njia ya kutochutama. Neno moja pana lilishikwa kama shuka, huku na huku, kila mmoja akasimama nyuma yake.

Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuahidi, kuapa, kuomba radhi. Alipoyapanga maneno ya aina hii, alikiweka kitenzi cha kuomba radhi upande wa matendo, na kitenzi cha kujuta upande wa kueleza hali ya moyo. "I am sorry" alikiweka katikati, kati ya kutenda na kueleza. Anayekitamka anaweza kuwa anafanya tendo, na anaweza kuwa anatoa habari tu juu ya moyo wake. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu akidaiwa tendo anaweza kulipa kwa habari, na akiulizwa baadaye anaweza kusema kwamba hakutenda lolote, aliarifu tu.

Fikra za China zilikuwa zimekwisha kuitenganisha mioyo hiyo miwili zaidi ya karne 20 kabla ya Austin. Mengzi, mwanafikra wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila mtu huzaliwa na machipukizi manne ya wema. La kwanza ni moyo wa huruma, na mfano wake ni ule mashuhuri wa mtu anayemwona mtoto akikaribia kutumbukia kisimani: hushtuka na kuumia kabla hajafikiri faida yoyote, wala hahitaji kuwa ndiye aliyemweka mtoto pale. La pili ni moyo wa kuona haya na kuchukia uovu. Kwa Mengzi, huruma ni chipukizi la utu, na haya ni chipukizi la uadilifu. Ni mimea miwili. Mtu anaweza kuwa na huruma tele na asione haya hata kidogo. Watawala wengi wamekuwa hivyo. Mwanafunzi wa Kichina anayekumbuka mafundisho haya anayo tayari ramani ya neno "sorry", kwa sababu neno hilo limepandwa juu ya machipukizi hayo mawili kwa pamoja, nao wenye lugha wamezoea kuchuma bila kuangalia wamechuma tawi la upande gani.

Hata hivyo haifai kuimaliza hoja haraka kwa kusema kwamba Kichina na Kiswahili ni lugha za ukweli, na Kiingereza ni lugha ya kujificha. Mwanafalsafa Bernard Williams, katika maandishi yake juu ya bahati na maadili ya miaka ya 1970, alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye, bila kosa lolote, anamgonga mtoto aliyekimbilia barabarani. Hakuwa mlevi, hakwenda kasi, breki zilikuwa nzima. Watazamaji wote watahuzunika, lakini huzuni ya dereva si sawa na yao, wala haipaswi kuwa sawa. Dereva ambaye angesema kwa utulivu kwamba naye anasikitika kama wengine wote angetutia mashaka juu ya utu wake. Na bado, majirani wakimwona anajilaumu, watamwambia kwa haki kwamba hakukosa.

Dereva huyu aseme nini kwa mama wa mtoto? Pole peke yake ni ya mpita njia. Ikitoka katika kinywa chake ni baridi mno. Samahani, ikichukuliwa kwa maana yake kamili, inakiri kosa ambalo halikuwapo. Katika uswahilini mtu wa namna hii huyasema yote mawili, moja juu ya jingine, bila kupanga. Huja msibani, hukaa chini, hutoa pole, huomba radhi, na pengine hushindwa kusema chochote na kulia. Hakuna atakayemkalisha kitako amwulize kama amekiri. Hapa neno la Kiingereza, lenye maumivu katika shina lake na lisilotenganisha huruma na haya, huenda linamfaa dereva kuliko maneno yetu yaliyopangwa vizuri. Utata wake unafanana na utata wa moyo wake. Yeye mwenyewe hajui huzuni ya mtazamaji inaishia wapi na ya mtendaji inaanzia wapi.

Kutoka kwa dereva huyu kipimo kinapatikana. Utata wa neno ni mwaminifu pale msemaji naye anapoishi ndani yake. Unakuwa hila pale msemaji anapoijua maana yake barabara, na kumwachia msikilizaji peke yake kubahatisha. Waandishi wa barua ya Hainan hawakuwa katika hali ya dereva. Kila neno lilipimwa kwa siku nyingi, na kilichotafutwa katika kupima huko kilikuwa ni neno ambalo mwenzao angelisikia kwa namna ambayo wao wangeweza kuikana.

Sheria nazo zimelazimika kuliingia eneo hili. Kwa muda mrefu madaktari na madereva katika nchi zinazotumia Kiingereza walishauriwa wasitamke "sorry" baada ya ajali, kwa hofu kwamba mahakamani lingekuwa ungamo. Walioumia wakakosa hata pole. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga sheria ya kuzuia maneno ya huruma yaliyosemwa baada ya ajali yasitumike kama ushahidi wa kosa. Sheria hiyo ililinda huruma peke yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 2006, jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikwenda mbele zaidi na kulinda ombi la radhi lote, hata lile lenye ungamo ndani yake. Kwa maneno ya Kiswahili, Massachusetts iliikinga pole, na British Columbia ikaikinga pia samahani. Watunga sheria waliokulia katika lugha isiyoitenganisha jozi hiyo walijikuta wakiitenganisha kwa vifungu.

Mwaka 2017 Hong Kong ikawa ya kwanza barani Asia kupitisha sheria ya namna hii, na huko sheria huandikwa kwa Kiingereza na Kichina, zote zikiwa na nguvu sawa. Jina la Kichina la sheria hiyo limebeba neno daoqian. Lakini tafsiri ya neno hilo iliyomo ndani ya sheria inajumuisha masikitiko, huruma na nia njema. Hivyo neno ambalo mwaka 2001 lilidaiwa kwa siku kumi na moja kwa sababu lilikuwa na maana moja nzito, limepanuliwa kwa kifungu cha sheria hadi likaingiza na zile nyepesi. Katika mashauri ya madai, anayelitamka Hong Kong leo hawezi kushikwa nalo. Nia ya sheria ni njema. Inataka watu wazungumze kama binadamu baada ya msiba, badala ya kuwasiliana kupitia mawakili. Gharama yake ni kwamba mama aliyeumizwa akiambiwa daoqian, itambidi naye aulize kama walivyouliza wengine: umenipa kitu, au umeniomba kitu?

Swali hilo ndilo linalostahili kuandikwa pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha mwanafunzi, mahali pa kile kisawe kimoja. Anaposikia "sorry", na ajiulize anatakiwa kufanya nini. Ikiwa hatakiwi kufanya lolote, amepewa pole, na jibu ni asante. Mama mwenye nyumba wa London atafurahi kulisikia, na babu hatakuwa amedharauliwa. Ikiwa anasubiriwa, ikiwa macho ya msemaji yanatafuta kitu usoni mwake, ameombwa, naye ana haki ya kutoa au kuzuia. Na anapolitamka yeye, Kiingereza hakitamlazimisha kuchagua kama lugha yake inavyomlazimisha, kwa hiyo achague mwenyewe na aongeze maneno machache yanayobaki: kwa lililokupata, au kwa nililokutendea. Maneno hayo yapo katika kila lugha, na hata anayeanza kujifunza anaweza kuyaunda.

Mabalozi na mawaziri waliyajua maneno hayo pia. Barua yao ilitimiza kazi yake kwa kuyaacha nje juu ya mgongano, jambo ambalo lilikuwa muhimu kuliko yote. Imebaki katika kumbukumbu za dola mbili, ikisomwa samahani upande mmoja na pole upande mwingine. Mwili wa rubani haukupatikana, na familia yake haijaambiwa kwa lugha yoyote isomeke ipi.